Paka wa Mitaani: Hukumu ya Kuwatega, Kuwahasi na Kuwatunza

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, vinavyosema na visivyosema. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na Ahli zake na Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baad. Limetufikia swali ambalo tumeona linafaa kujibiwa kwa urefu, kwa kuwa limeanza kuleta mvutano katika baadhi ya misikiti yetu ya mwambao. Wapo vijana, wanaume kwa wanawake, waliojitolea kuwakamata paka wa mitaani kwa mitego, kuwapeleka kwa daktari wa mifugo wakahasiwa na kuchanjwa, kisha kuwarejesha pale walipokamatwa na kuendelea kuwalisha. Vijana hao wanasema hiyo ni rehema. Baadhi ya wazee wetu nao wanasema kuhasi ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, na vitabu vya madhehebu yetu vinakataza. Je, ni upande gani wenye haki?

Tunasema, na kwa Mwenyezi Mungu tunaomba taufiki: kila upande una dalili, na si halali kwa yeyote kumdharau mwenzake. Lakini kuna jambo moja ambalo pande zote mbili zimelipita haraka, nalo ndilo zito kuliko yote. Tutalifikia kwa idhini ya Mola.

Sura ya mas-ala

Wanavyuoni wetu wamefundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Basi tuanze kwa kulijua.

Paka jike huanza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita tu. Mimba yake ni ya siku sitini na kitu, na huzaa watoto wanne au zaidi kwa mzao mmoja. Katika nchi za baridi, paka hupumzika kuzaa wakati siku zinapokuwa fupi. Huku kwetu karibu na Ikweta mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima, hivyo paka wetu huzaa mwaka mzima. Aliyeishi Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Kila penye soko la samaki, machinjio au jalala, paka wapo kwa makundi. Wengi wao wana macho yanayotoka usaha na mbavu za kuhesabika, na wengi wa watoto wao hawafiki umri wa kukomaa.

Watu wamelikabili jambo hili kwa njia tatu. Wapo wanaotega sumu. Wapo wanaowatia watoto wa paka katika gunia na kwenda kuwatupa ufukweni au porini, nao hufa kwa njaa na kiu. Na wapo hawa waliokuja na njia ya kuhasi na kurejesha. Dume huhasiwa kwa kutolewa korodani, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Jike hufunguliwa tumbo akatolewa viungo vya uzazi, na hiyo ni kazi nzito zaidi. Wote wawili hupigwa sindano ya usingizi kwanza, na wakiwa bado wamelala hukatwa kidogo ncha ya sikio moja ili wajulikane.

Paka ni kiumbe mwenye heshima

Hapana khilafu kwamba paka ana daraja katika sheria. Katika Hadithi waliyoipokea Imamu Malik, Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo, Kabsha bint Kaab anaeleza kwamba Abu Qatada (r.a.) aliandaliwa maji ya udhu, akaja paka, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipoona Kabsha anamtazama kwa mshangao, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Tirmidhi ameihukumu Hadithi hii kuwa ni nzuri na sahihi. Na Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote, Abu Hurayra (r.a.), alipata jina lake la heshima kwa sababu ya kipaka alichokuwa akicheza nacho alipokuwa akichunga mbuzi.

Basi paka kuwa wengi si sababu ya kuwaua. Hata paka aliyezoea kuharibu, kauli iliyo sahihi zaidi kwa Imamu Nawawi (r.a.) ni kuwa haijuzu kumuua akiwa ametulia. Huzuiwa wakati anaposhambulia, tena kwa kiasi cha kumzuia tu. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya paka mharibifu, itakuwaje sumu inayotegwa gizani, inayoua mharibifu na asiye mharibifu, mwenye mimba na mwenye kunyonyesha?

Ikhtilafu katika kuhasi

Wenye kukataza wanatazama aya ya 119 ya Surat An-Nisaa, ambamo shetani anaapa kuwa atawaamrisha watu wakate masikio ya wanyama na wabadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas na Anas bin Malik (r.a.) kwamba kubadilisha huko ni kuhasi. Wengine miongoni mwa salafu, akiwemo Mujahid, wamesema makusudio yake ni kubadilisha dini ya Mwenyezi Mungu, na hii ndiyo kauli aliyoipa nguvu Imamu Tabari. Aidha katika Muwatta imo athari kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akichukia kuhasi, akiona kuwa viungo hivyo ndivyo ukamilifu wa umbile.

Wenye kuruhusu wana Hadithi ya Jabir (r.a.) kwa Abu Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja katika Idi kondoo wawili waliohasiwa. Lau kuhasi kungekuwa haramu kwa hali zote, wanasema, asingechagua kwa ibada mnyama aliyefanyiwa haramu. Na Imamu Qurtubi katika tafsiri yake ametaja kuwa Umar bin Abdulaziz aliruhusu kuhasi farasi, na kwamba Urwa bin Zubayr alimhasi nyumbu wake. Habari hii ya Urwa ina uzito katika mas-ala yetu, kwa sababu nyumbu haliwi.

Kutokana na dalili hizi madhehebu yametofautiana:

1. Mahanafi wameruhusu kuhasi wanyama pakiwa na manufaa. Mwenye Al-Hidaya ametoa sababu kwamba ndani yake mna manufaa kwa mnyama na kwa watu. Na katika Al-Fatawa Al-Hindiyya, iliyokusanywa India zama za Sultani Aurangzeb, paka ametajwa kwa jina lake: hapana ubaya kumhasi ikiwa pana manufaa au kuondoa madhara.

2. Wamaliki wameruhusu kwa mnyama anayeliwa kwa ajili ya kuboresha nyama, na wamechukia kwa farasi.

3. Mashafii, nayo ndiyo madhehebu ya wengi katika mwambao wetu, wanasema kwa kauli ya Imamu Nawawi kwamba mnyama asiyeliwa ni haramu kumhasi. Anayeliwa inajuzu akiwa mdogo, na ni haramu akiwa mkubwa.

4. Kwa Mahanbali, imepokewa kuwa Imamu Ahmad hakupenda kuhasi.

Basi mzee aliyesimama msikitini akasema kuwa madhehebu yetu yanakataza, amesema kweli, wala hakubuni kitu. Kijana anayemwita mjinga ndiye anayehitaji kufundishwa adabu.

Tunaloliona

Pamoja na hayo, tunaona kwamba kazi hii inajuzu kwa masharti, na sababu zetu ni tatu.

Ya kwanza, Imamu Nawawi aliporuhusu kuhasi mnyama mdogo anayeliwa, aliruhusu kwa ajili ya manufaa, nayo ni uzuri wa nyama. Paka hana nyama ya kuboreshwa, hivyo kumhasi zama hizo, kwa kisu na bila ya dawa ya usingizi, kulikuwa ni adhabu tupu isiyo na faida. Leo maumivu yamepunguzwa sana na faida imedhihiri. Hafidh Ibn Hajar, naye ni Shafii, ametaja katika Fat-hul Bari rai ya Qurtubi, yule msherehesha Sahihi ya Muslim, kwamba kuhasi mnyama kunakatazwa isipokuwa kwa manufaa yanayopatikana, kama kuboresha nyama au kumwondolea madhara. Kisha akataja kauli ya Nawawi. Mwanafunzi atakayefungua mlango wa Nikahi katika kitabu hicho atazikuta kauli zote mbili zimekaa pamoja.

Ya pili, ni kanuni tunazozisoma: madhara huondolewa, lakini madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, na yakikutana mawili hufanywa lililo jepesi. Mbele yetu pana sumu, pana gunia, na pana sindano ya usingizi. Haifichikani lipi jepesi. Sheikh Ibn Uthaymin aliulizwa juu ya jambo hili, akajibu kuwa paka wakiwa wengi na wenye kuudhi, na ikawa upasuaji hauwadhuru, hapana ubaya, kwa kuwa hilo ni bora kuliko kuwaua baada ya kuwa wameshaumbwa. Lakini akaongeza kwamba wakiwa ni paka wa kawaida wasioudhi, huenda kuachwa wakaongezeka kukawa na kheri. Nyongeza hii isisahauliwe. Makusudio si kumaliza paka katika mji. Mji usio na paka huingia panya, na kila mama wa nyumbani analijua hilo.

Ya tatu, Shafii hazuiwi kumfuata imamu wa madhehebu nyingine katika mas-ala anayohitaji, maadamu hafanyi dini kuwa duka la kuchagua kilicho rahisi. Naye ambaye nafsi yake haikutulia, abaki na madhehebu yake na awasaidie wenzake katika kulisha na kutibu, ambako hapana khilafu.

Mtego ni amana

Sasa tufike kwenye lile tuliloahidi. Watu wamebishana sana juu ya kisu cha daktari, na wachache wameuliza juu ya mtego. Ilhali katika sheria, mtego ndio wenye kitisho kikubwa zaidi.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Tuizingatie Hadithi hiyo vizuri. Haikutajwa kwamba alimpiga wala kwamba alimtilia sumu. Kosa lake ni kuwa alimfungia, asimlishe wala kumnywesha, wala asimwache ajitafutie vidudu vya ardhini, mpaka akafa. Paka aliye huru anahangaika mwenyewe na riziki yake iko kwa Mola wake. Lakini mlango wa kizimba ukishaanguka nyuma yake, njia zote za kujitafutia zimekatika, na aliyetega ndiye aliyezikata. Kuanzia dakika ile chakula chake, maji yake, kivuli chake na usalama wake vimo katika dhima ya mtegaji.

Basi kijana anayetega kizimba baada ya Isha na kwenda kulala, akaamka jua limeshapanda na kizimba kiko juani, ajue amesimama mahali pa yule mwanamke, hata kama nia yake ilikuwa sadaka. Nia njema haimlishi mnyama wala haimnyweshi. Izzuddin bin Abdissalam (r.a.), aliyefariki mwaka 660 Hijria, amezihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, miongoni mwazo kumgharamia mnyama hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa faida. Haki hizi hazimwepuki mtegaji kwa kusema kwamba paka si wake.

Kwa hivyo tunawausia wenye kazi hii masharti yafuatayo:

1. Mtego usiachwe peke yake. Awepo mtu karibu wa kuuangalia, na paka akiingia afunikwe kwa nguo apate kutulia na aondolewe juani na mvuani. Kama daktari ameagiza asile kabla ya upasuaji, njaa hiyo isizidi kiasi alichoagiza.

2. Jike atazamwe kama ananyonyesha. Akiwa na watoto waliofichwa, kumzuia ni kuwaua wao. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Masud (r.a.) kwamba Sahaba walipochukua makinda ya ndege mmoja safarini, na mama yao akawa anapapatika juu yao, Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warejeshwe. Paka wa namna hiyo aachiliwe mpaka watoto wake waweze kula wenyewe.

3. Upasuaji ufanywe na daktari wa mifugo aliyesomea, kwa dawa ya usingizi na dawa ya maumivu. Sharti hili ni kali zaidi kwa jike, kwa sababu tumbo lake linafunguliwa. Anayejifunza kwa kubahatisha juu ya mwili wa kiumbe atabeba dhima yake.

4. Asirejeshwe kabla ya kuzindukana sawasawa, na jike abakizwe siku za ziada mpaka jeraha liridhishe. Kisha arejeshwe pale pale alipokamatwa. Kumtupa mtaa mwingine ni kumdhulumu yeye na kuwadhulumu majirani wapya.

5. Anayejulikana kuwa ana mwenyewe asihasiwe bila ya idhini. Hiyo ni mali ya mtu.

Alama ya sikio

Ametuuliza mmoja wa maimamu: je, huku kukata ncha ya sikio siko kule kukata masikio kulikotajwa katika ile ile aya ya Surat An-Nisaa? Swali lake ni zuri.

Jibu ni kwamba Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakipasua masikio ya ngamia na kumweka wakfu kwa masanamu, wakijiharamishia aliyohalalisha Mwenyezi Mungu. Hilo ndilo lililobatilishwa katika aya ya 103 ya Surat Al-Maida. Ama kumtia mnyama alama kwa haja kuna asili katika Sunna. Anas (r.a.) ameeleza katika Sahihi mbili kwamba alimkuta Mtume (s.a.w.) akiwatia alama kondoo, na mpokezi anadhani kwamba ilikuwa masikioni. Kilichokatazwa, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.), ni kutia alama usoni.

Na haja hapa ni ya paka mwenyewe. Jike asiye na alama huweza kukamatwa tena mwakani, akalazwa na kufunguliwa tumbo bure. Hata hivyo ikipatikana alama nyingine inayoonekana kwa mbali isiyokata kitu, hiyo itakuwa bora.

Tohara na fedha

Wanaojitolea huuliza juu ya sala zao. Mate ya paka na jasho lake ni tohara. Mkojo wake, kinyesi chake na damu yake ni najisi, na kilichokatwa kwa mnyama aliye hai hukumu yake ni ya mzoga. Nywele zake zilizong'oka, kwa madhehebu yetu, ni najisi inayosamehewa zikiwa chache. Basi anayeshughulika na kazi hii awe na nguo maalumu ya kuivua wakati wa sala, na mambo yatakuwa mepesi.

Ama fedha, Zaka haitoki kwa kazi hii, kwa kuwa wanaostahiki ni makundi manane yaliyotajwa katika Qur-ani. Wala imamu asichukue mapato ya wakfu wa msikiti kuwalishia paka, maana sharti la aliyeweka wakfu lina nguvu. Mlango wake ni sadaka. Katika Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa katika kila chenye uhai mna malipo.

Waliotutangulia

Tusidhani kwamba kuwajali paka ni jambo lililoletwa na wageni. Mwanahistoria Ibn Khallikan ametaja kuwa mwanachuo wa nahau, Ibn Babshadh, alikuwa juu ya sakafu ya msikiti huko Misri akila pamoja na wenzake, akaja paka wakamtupia tonge. Akalichukua akaenda nalo, kisha akarudi, na akafanya hivyo mara nyingi. Walipomfuata wakakuta anampelekea paka mwingine aliye kipofu. Sheikh akaona kwamba Mola aliyemtuma paka kumhudumia paka hatamsahau mja wake, akaacha cheo chake cha serikali.

Na Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 676 Hijria sawa na 1277 Miladia, husimuliwa kuwa aliweka wakfu bustani karibu na msikiti wake nje ya Cairo ili mapato yake yawalishe paka. Bustani hiyo baadaye iliuzwa na kuuzwa tena. Lakini Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, ameandika kuwa bado kila alasiri vyakula vya paka vililetwa katika uwanja wa mahakama ya Kadhi. Wakfu ulikuwa umeharibika, lakini dhima yake ikabaki kwa Kadhi.

Hapo pana mafunzo kwetu. Kumlisha paka leo ni jambo jepesi. Uzito uko katika dhima inayobaki kesho, baada ya watu kuchoka. Wenye kuanza kazi hii mtaani wajiulize kabla ya kununua mtego wa kwanza: ni nani atakayewalisha paka hawa tutakaposafiri, na ni nani atakayeamka alfajiri kukiangalia kizimba? Wakiwa na jibu, waendelee, na wazee wawaombee dua. Wakiwa hawana, basi wasitege.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kurehemu ili turehemiwe, atuepushe na dhulma kwa kiumbe asiyeweza kutushitaki hapa duniani, na atuunganishe nyoyo zetu katika yale tunayotofautiana. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.